Naenda Ujerumani Novemba: ninunue 4x4 au pesa nitie kwenye matairi ya theluji?

BintiTudor

Salamu wana barabara. Naomba msinicheke. Nimezaliwa na kukulia Tudor, baridi ninayoijua ni ya kusi la Julai na ya mlango wa friji. Mwezi wa Novemba naanza kazi ya uuguzi hospitali moja karibu na Kempten, kusini mwa Ujerumani, pale milima ya Alpi inapoanza. Zamu ya asubuhi ni saa kumi na mbili, na basi la kwanza kwenye kijiji nilikopata chumba linapita zamu ikiwa imeshaanza. Kwa hivyo gari ni lazima. Leseni ya Kenya wanaikubali miezi 6 tangu uhamie, baadaye ni mitihani ya nadharia na ya barabarani. Hilo nimeshajipanga.

Kinachonikosesha usingizi ni gari lenyewe. Nina euro 6,000. Kakangu, ambaye hajawahi kuvuka mpaka zaidi ya Lungalunga, ameapa nisiguse kitu kisicho 4x4. Ameniletea picha ya Skoda Octavia ya mwaka 2011, 4x4, kilomita laki mbili na ushee, inameza pesa yote. Mwenzangu wa kazi aliyetangulia anasema chukua Golf ya kawaida, kinachobaki nunua matairi ya baridi.

Sasa mimi hapo ndipo ninapopotea. Tairi si tairi tu? Hapa nina Fielder niliyoitoa yadi mwaka juzi, matairi ni yale yale iliyokuja nayo kutoka Japani, meno bado yamejaa, wala sijawahi kuwaza habari zake. Huserereka kidogo mvua za kwanza zikipiga Daraja la Nyali, lakini nani haserereki pale? Nisaidieni.

SubaruWaBuxton

Dada, msikilize kakako. Forester yangu nimeitoa mchanga wa Diani imezama hadi karibu na ekseli, huku wenye vigari vyao wakipiga simu kutafuta trekta. Theluji ni mchanga mweupe tu. Magurudumu manne yakivuta, hakuna cha kukuzuia. Chukua Octavia, ulale.

BiMkubwaLikoni

Mimi niko foleni ya feri hapa, jua limenikalia utosini, nasoma watu wanabishana habari za theluji 😂 Haya endeleeni, angalau napata kivuli cha mawazo.

MvitaTurku

Salamu kutoka Finland, mimi mtoto wa Kibokoni, huu ni msimu wangu wa 11 wa baridi. Ndugu wa Subaru amesema "hakuna cha kukuzuia". Wallahi amesema kweli kuliko anavyodhani, maana na mimi hakuna kilichonizuia.

Mwaka wa kwanza nilinunua gari kubwa la 4x4 kwa mawazo hayo hayo. Mwezi wa Oktoba, matairi bado ni ya kiangazi, kwani nilikuwa najiambia theluji ni mambo ya Desemba. Usiku ukanyesha unga mwembamba, hata kifundo cha mguu haufiki. Asubuhi natoka, gari linaondoka kama liko Nyerere Avenue. Kwenye taa kuna vigari viwili vinasota magurudumu, mimi nikavipita, nikajiona nahodha. Mita mia tatu mbele kuna mzunguko. Nikakanyaga breki. Ile pedali ikaanza kunitetemeka chini ya unyayo, ta-ta-ta-ta, na gari halipungui. Nikakata usukani kulia. Magurudumu yamegeuka, nayaona kabisa, na gari linakwenda mbele vile vile, taratibu, kama mashua iliyokatika kamba. Likapanda ukingo, likapita maua, likasimama katikati ya mzunguko. Bibi mmoja alikuwa anatembeza mbwa akasimama kuniangalia. Hakusema neno. Mbwa naye hakubweka.

Sikuwa na mwendo wa kutisha, pengine 35. Kosa langu lilikuwa kusahau kitu kidogo: kila gari duniani lina breki magurudumu yote manne. Subaru, Golf, hata Probox. 4x4 inagawa nguvu ya injini. Ukikanyaga breki injini haina kazi tena, kinachokushika na ardhi ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Kona ni hivyo hivyo.

Tena 4x4 inakudanganya. Gari la magurudumu mawili likianza kusota pale unapoondoka, limeshakwambia barabara leo ni mbaya. La 4x4 linaondoka bila kulalamika, na wewe unakuja kuambiwa habari ukifika kwenye kona.

SubaruWaBuxton

Pole kwa maua ya watu. Lakini hayo ni matairi ya kiangazi yaliyoisha, sema ukweli.

MvitaTurku

Yalikuwa na miezi minne. Meno marefu kabisa.

Hapa ndipo jibu la swali la dada, kama tairi ni tairi tu. Mafuta ya nazi mnayajua nyote. Juu ya meza Mombasa ni maji. Tia kwenye friji, baada ya saa moja unayachokoa na kijiko yanakatika vipande. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, ni baridi tu. Mpira wa tairi la kiangazi ndivyo ulivyo. Umechanganywa ili uvumilie lami ya moto. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi unaanza kukakamaa, na kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri unaugusa kwa ukucha hauingii. Mpira mgumu haushiki ardhi, unateleza juu yake kama soli ya plastiki kwenye vigae vya msikitini penye udhu. Mchanganyiko wa tairi la baridi umefanywa ubaki laini kwenye baridi ile. Halafu angalia meno yake: kila jino limechanjwachanjwa mikato myembamba kama mkate wa mofa uliopigwa kisu. Ile mikato inafunguka tairi likizunguka, inauma theluji. Theluji inashikamana na theluji, kwa hivyo tairi lililojaa theluji kwenye mikato linashika vizuri kuliko lililo safi. Kinyume cha matope kabisa.

Huku wameanza zamani. Kampuni ya Nokia ya matairi ilitoa tairi la kwanza la baridi mwaka 1934, la malori, na miaka miwili baadaye likaja la magari madogo. Ukiona watu wa nchi yenye theluji nusu mwaka wameanza na tairi, jiulize kwa nini.

MwalimuWaFizikia

Niruhusuni niingie na chaki. Chukueni mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ni kama mita 14 kwa sekunde. Umbali wa kusimama, tangu breki zishike, unategemea mwendo na msuguano kati ya mpira na barabara. Lami kavu, msuguano ni kama 0.7: unasimama ndani ya mita 14. Theluji iliyoshindiliwa, chukua 0.2: mita 49. Barafu tupu, 0.1: karibu mita 100, urefu wa uwanja wa mpira. Na hapo sijahesabu sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, hiyo ni mita 14 nyingine.

Watoto wangu wa kidato cha tatu wangeniuliza: mwalimu, 4x4 inaingia wapi kwenye hesabu hii? Haiingii. Hakuna mahali pa kuandika idadi ya magurudumu yanayozungushwa na injini. Pahali pa kuchezea ni pawili tu: mwendo, ambao uko kwenye mguu wako, na msuguano, ambao uko kwenye tairi. Mwendo nao una makali yake, kwani unajizidisha wenyewe. Ukipunguza kutoka 50 hadi 25, umbali haugawanyiki kwa mbili, unagawanyika kwa nne.

TrelaMazeras

Mimi ni dereva wa masafa, Mombasa hadi Kampala, na theluji sijaiona ila mvua ya mawe ya Timboroa. Ikimwagika pale barabara inakuwa nyeupe, na tela tupu nyuma yako linataka kukupita ubavuni. Pale nimejifunza kwamba kupanda na kushuka ni vitu viwili mbalimbali. Kupanda, ndiyo, ekseli nyingi zinazovuta ni raha, na kufuli la difu likiwapo unamshukuru aliyelibuni. Kushuka, ekseli ngapi zinavuta haikuhusu tena. Unakuwa wewe, gia ya chini, na Mola wako.

Kwa hivyo dada asiambiwe 4x4 ni bure. Aulizwe: nyumba iko mlimani au bondeni?

BintiTudor

Bondeni. Nimeangalia ramani na picha: kijiji kiko tambarare, kilima kimoja kidogo kabla ya kuingia mjini. Mwenye nyumba anasema gari la kukwangua theluji hupita barabara kuu kabla ya saa kumi na moja alfajiri.

MvitaTurku

Basi mahakama imemaliza kazi. Ningekuwa mtu wa kupanda njia ya shamba kwenye mteremko, theluji haijakwanguliwa, ningekwambia vyote viwili, 4x4 na matairi yake. Lakini kama pesa inatosha kitu kimoja, na barabara inakwanguliwa, tairi.

SubaruWaBuxton

Sawa, lakini mbona kila picha ya wazungu wa milimani naona Audi Quattro na Subaru?

ShogaWaAugsburg

Kwa sababu wana vyote viwili yakhe, na mshahara wao si wa muuguzi wa mwaka wa kwanza 🙂

BintiTudor, mimi niko saa moja na nusu hivi kutoka Kempten, karibu jirani. Tia haya kichwani kabla hujalipa senti.

Sheria ya hapa haijali 4x4. Inasema kukiwa na theluji, barafu, utelezi wa umande ulioganda au theluji iliyoyeyuka nusu, uwe na matairi yanayofaa hali hiyo. Haikutaja tarehe, wenyeji hujiwekea kanuni ya "O hadi O", Oktoba hadi Ostern, ambayo ni Pasaka. Ukikamatwa na matairi ya kiangazi kwenye theluji ni euro 60 na pointi moja kwenye rekodi yako, na ukiwa umezuia wenzako njia ni 80. Faini ndiyo ndogo. Ukigonga, bima yako kubwa inaweza kukukata sehemu ya malipo kwa kusema ulizembea.

Alama ya kutafuta ubavuni mwa tairi ni mlima wenye vilele vitatu, ndani yake nyota ya theluji. Hiyo tairi limejaribiwa kwenye theluji kweli. Herufi M+S, yaani matope na theluji, peke yake hazitoshi siku hizi. Mtengenezaji hujiandikia tu, na msamaha wa matairi ya zamani ya M+S uliisha Septemba 30, 2024. Hii nakuambia kwa sababu wauza magari ya mtumba bado wanakuonyesha M+S kwa uso mkavu. Mimi mwenyewe nilionyeshwa. Yule bwana akanizungusha gari lote, akanigongea bodi, akanifungulia buti, na kila nikiinama kwenye tairi ananiita niangalie redio.

Meno, sheria inataka milimita 1.6, lakini kwa theluji chini ya 4 usijidanganye. Pima kwa sarafu ya euro mbili: ile pete ya fedha ya nje ina upana wa milimita 4. Ukiisimamisha kwenye mfereji wa tairi na pete ikazama yote, haya, twende.

BiMkubwaLikoni

Nimeshavuka, niko kivulini sasa, nauliza kwa akili. Huyu mtoto atayavaa na kuyavua mwenyewe hayo matairi kila msimu? Na yale mengine yatalala wapi, kitandani?

ShogaWaAugsburg

Mama, gereji wanafanya. Cha muhimu anunue matairi yakiwa kwenye rimu zake, seti nzima. Hapo kubadilisha ni kufungua nati na kufunga nati, nusu saa, mimi hulipa euro 30. Na gereji nyingi zina ghala, unawaachia seti ya pili kwa ada ya msimu. Seti yangu ya Polo pamoja na rimu za chuma ilinigharimu chini ya euro 500. Wala si pesa iliyopotea, kwani wakati haya yanatembea yale ya kiangazi yanapumzika.

TrelaMazeras

Swali la mjinga: kwa Golf inayovuta mbele, hawezi kuweka mawili mbele akaokoa pesa?

MvitaTurku

Si la mjinga hilo, na jibu ni hapana mara tatu. Mbele kutashika, nyuma kutateleza. Siku atakayokanyaga breki kwenye kona, mkia utakuja mbele kumsalimia. Manne au usinunue.

Na yale ya msimu wote, kabla hajauliza mtu: yapo yenye alama ya mlima, ni halali Ujerumani, na kwa mtu wa Hamburg, kule kaskazini kusiko na milima, ningesema sawa. Kwa Kempten sisemi. Nayo ya misumari, yenye vichuma vinavyochomoza kwenye meno, ambayo huku Finland ni kawaida, Ujerumani ni marufuku karibu kote, usije ukanunuliwa zawadi.

MwalimuWaFizikia

Ongezeni na habari ya upepo wa tairi. Kila nyuzi 10 zikishuka, tairi hupoteza kama baa 0.1 (baa ni kipimo cha upepo). Akijaza gereji yenye joto halafu gari likalala nje, asubuhi halina alichojaza.

BintiTudor

Naandika yote kwenye daftari. Na kuendesha kwenyewe?

MvitaTurku

Chukua kikombe cha kahawa tungu, kile kidogo kisicho na mkono, kijaze, kiweke juu ya dashibodi kichwani mwako. Endesha kisimwagike. Hiyo ndiyo siri yote. Ondoka na gia ya pili. Breki mapema na kidogo. Usikate kona huku umekanyaga breki. Punguza kwanza, kisha kata. Pedali ikitetemeka usishtuke ukaiachia, hiyo ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki, inafanya kazi, kaza mguu.

Na madaraja. Daraja linaganda kabla ya barabara, kwa sababu upepo wa baridi unalipiga juu na chini. Unatoka kwenye lami nyeusi, unaingia darajani lami ni nyeusi vile vile, kumbe ni barafu isiyo na rangi, unaona lami kupitia kwake. Ukisikia sauti ya matairi imekatika ghafla, kimya kama umezima redio, usiguse kitu. Usikanyage, usikate. Acha livuke.

ShogaWaAugsburg

Na ukipanda milimani kutembea ukakuta kibao cha buluu cha duara chenye tairi lililovishwa mnyororo, hapo 4x4 na isiyo 4x4 wote ni sawa: vaa minyororo au rudi. Ukivaa, mwendo mwisho kilomita 50 kwa saa.

SubaruWaBuxton

Haya, nimeinua mikono. Ila mchangani bado hamniwezi.

TrelaMazeras

Mchangani nani kakugusa bana 😂

FundiMwembeTayari

Naingia mwishoni kwa sababu nilikuwa chini ya gari. Mimi natengeneza matairi miaka 19, na nyote mmemaliza habari za Ujerumani bila kusoma vizuri swali la dada. Mimi nimelisoma mara mbili.

BintiTudor, umesema Fielder yako imetoka Japani na matairi yake, meno yamejaa, na inaserereka mvua ikinyesha Nyali. Dadangu, kaskazini mwa Japani, Hokkaido na kwingineko, kuna theluji kuliko huko uendako. Misumari waliipiga marufuku miaka ya tisini mwanzoni kwa sababu ya vumbi la lami, kwa hivyo wanatumia matairi laini ya theluji yasiyo na misumari. Gari likiuzwa katikati ya baridi, linapandishwa melini na viatu hivyo hivyo, linashuka Kilindini, linaingia yadi. Mteja anaona meno marefu anafurahi. Wateja wa namna hii nawapata karibu kila mwezi.

Ule mpira laini waliousifu hapo juu, ukiuleta kwenye lami ya Mombasa ya saa nane mchana unakuwa ubani unaotafunwa. Unaisha haraka, gari linayumba ukipita mwendo, na kwenye maji haushiki, kwani haukutengenezwa kwa mvua ya joto. Mafuta ya nazi yale yale, safari hii yameyeyuka.

Kaangalie ubavuni. Lile la theluji la Kijapani huwa limeandikwa STUDLESS, yaani bila misumari, kwa herufi za kuchomoza. Angalia pia mikato kwenye meno, na tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka.

BintiTudor

Unanitania fundi.

FundiMwembeTayari

Chukua tochi.

BintiTudor

Nimeshuka na simu. Nimepiga magoti kwenye changarawe na dera langu, saa nne usiku, mlinzi ananiuliza nimepoteza nini. La mbele kushoto lina vumbi, nikalifuta kwa kidole. S, T, U, D. Sikumaliza, nikaenda la pili. Nalo. Yote manne. Mikato ni kama mlivyosema, mkate wa mofa mtupu, na nikibonyeza kwa ukucha unaingia. Tarakimu ni 3615.

Miaka miwili navuka Nyali na matairi ya theluji, halafu nauliza kama tairi si tairi tu. Kakangu yuko dirishani anauliza kama Octavia tumeilipia.

FundiMwembeTayari

Mwambie asilipie. Na hiyo Fielder niletee kesho kabla ya saa tatu, jua halijachemka. Endesha polepole, na mvua ikianza paki.

BiMkubwaLikoni

Jamani, na mimi nina Vitz ya Japani. Naangalia wapi tena?